Kumwosha Pembemoja

Mke wangu Elspet ndiye aliyekuwa akimwosha Pembemoja kila mwaka, asubuhi ya siku ambayo watu huzunguka mipaka ya mji kwa farasi. Pembemoja ni farasi wa jiwe mwenye pembe moja ndefu kwenye paji la uso. Anasimama juu ya nguzo ya sokoni, kifua mbele, na mnyororo wa jiwe umemzunguka kuanzia shingoni hadi miguuni. Wapanda farasi humvulia kofia wakipita.

Mwaka huu Elspet hayupo tena duniani. Halmashauri ikatangaza kwamba kupanda ngazi ni hatari. Paa la zahanati limewashinda, lakini ndoo ya maji walikuwa wepesi kuikataza.

Pembe ilikuwa imejaa kinyesi cha njiwa. Kazi ya Elspet iishie hivyo? Nikaegemeza ngazi.

"We Tam! Na goti hilo?" Wattie muuza nyama akacheka mlangoni pake. "Unatafuta mke mwingine huko juu?"

"Nikianguka, niuze kwa kilo."

Akatoka Bwana Rutherford wa halmashauri, mbio. "Mzee, shuka! Hiyo ni nembo ya mji!"

"Mchungaji anasema ni mfano wa Bwana Yesu," nikamjibu. "Wajukuu wa Wattie wanasema ni farasi wa rangi ya waridi wa juu ya keki. Matajiri huita kwa jina lake kampuni changa iliyofikia thamani ya bilioni. Wewe unasema nembo. Elspet alisema ni mnyama asiyempigia mtu magoti, hata wafalme wamfunge vipi. Chagueni wenyewe. Mimi naosha."

Nikaosha mgongo, nikaosha shingo. Pembe sikuifikia. Elspet alinizidi urefu, na ngazi ilianza kuyumba. Kwato za farasi zikasikika darajani. Nikaanza kushuka.

Ghafla ngazi ikatulia. Rutherford alikuwa ameishika kwa mikono miwili, maji machafu yakimchuruzika kwenye suti.

"Kanyaga mnyororo," akasema kwa sauti ya chini. "Bi Elspet alikuwa anakanyaga mnyororo. Nilikuwa namwona kutoka dirishani."

Nikakanyaga. Huo mnyororo wa wafalme ulinibeba kama kidato cha ngazi. Nikasugua pembe mpaka ikawa nyeupe kama maziwa.

Sikupata nafasi ya kushuka. Farasi waliingia sokoni, mshika bendera akatazama juu, akavua kofia, na wenzake wote nyuma yake. Mimi kwa mkono mmoja nilikuwa nimemkumbatia shingo Pembemoja. Kwa ule mwingine nikavua yangu.