Shati la Siku Tano

Mchana wa jana, akiwa amekwisha kula na kumeza dawa, Mzee Lwitiko alisinzia kwenye kiti chake kibarazani na akaota.

Lwitiko ni fundi cherehani wa Tukuyu. Mwaka wa tatu huu mikono yake inatetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson, na kushona kote kumebaki kwa mkewe, Tusajigwe. Asubuhi hiyo binti yao Atupele, mwalimu wa baiolojia, alikuwa amemweleza habari za seli shina. Watu waliokosa mtoto wakitungishiwa mimba maabara, viinitete vingine hubaki vimegandishwa. Wazazi wakiridhia, watafiti huchukua kiinitete cha siku tano na kutoa humo seli ambazo bado hazijawa kitu. Zinaweza kuwa moyo, ngozi, hata ubongo. Kuna nchi wanajaribu kuwapandikizia watu wanaotetemeka kama yeye. Ni majaribio tu, Atupele alisisitiza. Asije akaacha dawa.

Ndotoni, seli moja imesimama mbele ya cherehani. Kimo chake ni cha mtoto wa miaka mitatu, ni ya mviringo, na mwanga unaipenya kama uji mwepesi. Inamwamkia shikamoo. Lwitiko anaitikia na kuuliza shida yake.

"Nishonee shati, fundi."

Anaizungushia futi. Kabla hajasoma namba, seli zimekuwa mbili. Anapima upya, ni nne. Anaziomba zitulie, maana kitambaa alichonacho ni cha mtu mmoja. Zinashauriana kwa adabu, kisha tatu zinakwenda kukaa kwenye benchi la wateja.

"Mikono mirefu au mifupi?"

"Sijui kama nitakuwa na mikono. Bado sijaamua kuwa nini."

"Basi nitaacha nafasi."

Sasa kibaraza ni friji. Barafu imemfika Lwitiko magotini na rafu zimejaa seli, kila moja na kibandiko chake. Yeye anakata kitambaa. Anauliza tu kama kuna mahali pa kuchomeka pasi. Anajibiwa hakuna.

Anataka kujua kama wazazi wa seli hii wanajua iliko. Wanajua, inasema. Walipata mtoto wa kike, wakaambiwa mwingine amebaki kwenye baridi, na karatasi ya ridhaa ikakaa mezani kwao wiki nzima. Mama alilia. Baba aliosha vyombo vilivyokuwa visafi. Kisha wakasaini.

"Sasa shati la nini, na wewe hutazaliwa?"

"Dada yangu analo, la njano. Nilitaka kujua linavyokaa mwilini."

Lwitiko anavuta cherehani. Anashona. Mikono inatetemeka, na seli inaitazama kwa muda mrefu.

"Hiyo huenda nikaiweza," inasema. "Lakini si leo. Itachukua miaka, na ninaweza kushindwa."

"Nina miaka sabini na minne."

"Basi huenda ikawa kwa mtu mwingine."

Hilo linamuuma, wala hafichi. Anakata uzi kwa meno, anakung'uta shati.

"Haya, kwa mtu mwingine. Sogea nikuvishe."

Kifungo cha mwisho kinamsumbua sana. Seli inangoja, friji nzima inangoja. Kinapoingia, seli inajitazama mbele na nyuma, inauliza kama imependeza.

"Umependeza, mjukuu wangu."

Inazunguka mara moja. Halafu inalivua shati, inalikunja vizuri na kulirudisha mapajani mwa Lwitiko. Nikishaamua kuwa kitu, inasema, halitanitosha.

Tusajigwe alimwamsha kwa chai. Kabla hajaitua, aliinama, akaokota kitu mapajani mwa mumewe kwa ncha ya kucha na kukipeleka kwenye mwanga. Lilikuwa shati la njano, dogo kama punje ya dengu. Aliligeuza ndani nje kwa pini.

"Baba Atupele, nani kashona hiki?"

"Mimi."

Alikagua mishono mmoja mmoja. Ilikuwa imepinda.

"Ni mkono wako," alisema taratibu.

Kisha akaona kola. Ilikuwa imelegea kidogo, kama ya nguo iliyokwisha kuvaliwa.