Besi Iliponyamaza

Kijiko kilizunguka ndani ya kikombe mara nne, kikagonga ukingo mara mbili. Adija, akiwa bado kitandani, akajua mwanawe Khamisi ameamka na anakunywa chai ya rangi. Hakujakucha, ila kwake usiku na mchana vilikuwa kitu kimoja tangu presha ya macho ilipomaliza kazi yake, mwezi wa Ramadhani.

Khamisi alikuja kutoka Tanga kumchukua. Si kwa ubaya. Alisafiri siku mbili, na kitu cha kwanza alichofanya alipofika ni kumkata mama yake kucha. Lakini Adija alikuwa ameishi Kasulu miaka thelathini na tano. Mumewe alizikwa hapa, na duka lao la vitenge lilikuwa hapa. Basi wakapatana: akifika dukani kwa miguu, peke yake, atabaki. Asipofika, keshokutwa wanapanda basi wote wawili.

Kulipopambazuka Khamisi akatangulia kwenda kumsubiri dukani.

Adija naye hakuwa amekaa bure. Wiki tatu nzima jirani yake Josepha, mwimbaji wa kanisani, alikuwa akimshika mkono na kumfundisha njia kwa masikio.

"Mji ni kwaya, Mama Khamisi. Mashine ya kusaga pale konani ndiyo besi. Ukiifikia, kata kulia, kisha iache ikungurumie mgongoni. Mafundi cherehani ni sauti ya pili. Yule anayechomelea mageti ni soprano, anapiga kelele kuliko wote na haongozi mtu."

"Mimi na hijabu yangu unanitia kwaya?"

"Kwaya hii haina ubatizo. Tembea!"

Wakatembea, mpaka Adija akaanza kuupenda wimbo wenyewe: mnyororo wa baiskeli unaolalamika mlimani, ndoo zinazopokezana maji bombani, muuza dagaa anayevuta jina la samaki wake kama anayemwita mtoto aliye mbali.

Asubuhi ile alishika fimbo, akatoka. Besi ikamlaki konani, akakata kulia. Hatua arobaini, hamsini. Alikuwa ameanza kutabasamu umeme ulipokatika.

Besi ikanyamaza, na cherehani za umeme nazo. Soprano naye akakatika katikati ya neno. Josepha hakuliwaza hilo, wala yeye hakuliwaza: kutegemea kwaya ya umeme, tena Kasulu! Akageuka huku na huku akitafuta sauti, na alipotulia hakujua tena mbele ni wapi.

Bodaboda ikasimama kando yake.

"Bibi, nikupeleke?"

"Ahsante, mwanangu. Nikipelekwa, nimeshindwa."

Kijana hakuuliza zaidi. "Basi nazima pikipiki, usikie vizuri," akasema, akaisukuma kwa mikono mpaka alipokuwa mbali naye.

Ndipo Adija akasikia viganja viwili vikigongana taratibu.

"Mwakeye, mama! Mwakeye!"

Alikuwa Mama Ndayikeza, muuza maharage, akimwamkia kwa Kiha. Miaka yote Adija alimpita akipunga mkono, "salama, salama," akili iko dukani. Salamu ya Waha ni ndefu, na yeye daima alikuwa na haraka. Leo haraka ya kwenda wapi? Akatia fimbo kwapani, akagonga viganja, akaitika. Akaulizwa watoto, akaulizwa nyumba, akapewa pole ya macho. Kabla hajamaliza, mama wa pili akaanza, hatua chache mbele. Halafu wa tatu. Salamu ikapanda barabara, kofi baada ya kofi, kwa wauza mboga wote waliopanga mafungu yao chini, na Adija akakumbuka kwamba safu yao huishia kwenye baraza la duka lake.

Akaifuata. Hakumruka hata mmoja. Kipande cha dakika tano kikamchukua nusu saa, hata fimbo ikagonga ngazi ya saruji.

"Nimefika," akasema.

"Nilikuona tangu kwa yule wa maharage, mama." Khamisi akamjibu kutoka barazani.

"Na hukuja kunishika?"

"Ulikuwa unaongea na watu."

Wakakaa barazani bega kwa bega. Khamisi akasema, "Haya. Keshokutwa naondoka peke yangu."

Adija akautafuta mkono wake, akaupata, akaufunika kwa mikono yake miwili.

"Ondoka salama, baba. Ila uje tena. Safari ijayo uje kunitembelea tu."