Gauni la Kwaya Lilipolegea

Nilipougusa ule uvimbe kwenye titi la kushoto, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuongeza chakula.

Msinicheke. Hapa Ngulyati mwanamke akipungua mwili, watu huanza kumtazama mumewe kwa jicho baya, kisha huulizana ana ugonjwa gani. Kansa niliyowahi kuiona mimi ilimkausha shangazi yangu mpaka akabaki mifupa. Nikajipigia hesabu zangu za kijinga: anayenenepa hawezi kuwa na kansa. Basi asubuhi michembe ya viazi vitamu na karanga, jioni ugali kwa maziwa mgando, na samli juu yake. Kila Jumapili nilivaa gauni la kwaya, na kadiri lilivyonibana ndivyo nilivyomshukuru Mungu.

Luhaga, mume wangu, alifurahi. Yeye anapenda mke aonekane kutoka mbali.

Jumapili moja zipu ya ubavuni iligoma. Nikamwita anisaidie. Alivuta, akasukuma nyama ndani, mkono wake ukakutana na uvimbe.

"Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma, "hiki nini?"

"Mafuta."

"Mafuta gani yanakimbia kidole?"

Hakuuliza tena, ila kesho yake alfajiri aliita bodaboda, akanipeleka hospitalini Bariadi. Wakanipiga ultrasaundi, wakachoma sindano na kuchukua kinyama cha kwenda kupima. Siku za kusubiri majibu nilikula bila kusikia ladha. Niliogopa sana, sitadanganya.

Siku ya majibu Luhaga aliingia nami. Daktari, binti mdogo kuliko mwanangu Novatus, alitabasamu kabla hajakaa.

"Mama, siyo saratani. Ni mafuta tu yamejikusanya. Hayana madhara."

Nikamgeukia mume wangu. "Si nilikuambia ni mafuta?"

Luhaga alicheka huku machozi yanamtoka, akajifuta kwa kofia yake.

Kwa furaha nikamsimulia daktari, tena kwa kujisifu kidogo, jinsi nilivyokula ili nisiumwe. Akaacha kuandika.

"Mama, saratani ya titi ikianza haikondeshi. Unaweza kuwa nayo huku unanenepa. Hedhi imekoma?"

"Zamani."

"Basi sasa homoni ya kike, estrojeni, inatengenezwa zaidi kwenye mafuta ya mwili. Mafuta yakizidi, nayo inazidi, na inaweza kuchochea saratani ya titi. Siyo kila mnene ataugua, wala mwembamba hajasalimika, lakini hatari inapanda. Hayo ya kwenye titi hayana neno. Ninayoyaogopa ni haya mengine."

Akaonyesha tumbo langu. Miaka yote nilidhani mafuta yamelala tu, kumbe yako kazini! Luhaga akatazama viatu vyake, maana samli alikuwa akiileta yeye.

Sasa shambani naenda kwa miguu, na samli tunawawekea wageni. Jumapili iliyopita zipu ilipanda bila ugomvi na gauni likawa linateleza begani. Tulipotoka kanisani, Nyanjige wa sauti ya pili akanivuta kando, uso umejaa huruma.

"Mwangaluka, mayu. Mbona umepungua hivyo? Unaumwa?"

Miezi ile yote nikibeba uvimbe kifuani, hakuna aliyeniuliza swali hilo. Wote walinisifia nimenawiri.

"Siumwi," nikamwambia, "nimepimwa. Na wewe je?"