Ruhusa ya Kupanda Uluguru

Sadallah alikuwa na habari moja aliyojua kuisimulia kuliko mtu yeyote pale Tabata: namna wakubwa walivyomuulia mke. Mteja akileta begi la zipu mbovu, kabla hajakaa vizuri kwenye kigoda keshaanza kuisikia. Kwanza barabara ya mtaa, mtendaji kaiacha imechimbika kama shamba la mihogo. Halafu gari la wagonjwa, limepigiwa simu, wakajibu halina mafuta. Halafu hospitali, daktari yuko kikaoni. "Mie nimeishia darasa la nne, lakini muuaji namjua," humalizia hivyo, na mteja hutikisa kichwa, maana nani pale mtaani hana lake na wakubwa.

Alikuwa ameisimulia miaka minne, na yote yalikuwa kweli. Ila yalianzia saa tisa alasiri. Ya kabla ya saa tisa hakuwahi kumwambia mtu.

Jumatano hiyo mashine yake ilikuwa inashona begi la Yumna, bintiye wa pekee, aliyekuwa akiuza kwenye duka la dawa. Yumna na wenzake watano walikuwa wamepanga kuutembea mgongo wa milima ya Uluguru. Ijumaa jioni treni ya umeme mpaka Morogoro, Jumamosi alfajiri kupanda, kisha kwenda juu kwa juu, kulia bonde, kushoto bonde, kulala kwenye mahema, na Jumapili kushukia upande wa pili. Njia yenyewe watu wazima wameishia katikati wakarudi.

Mwezi mzima msichana alikuwa akijizoeza. Anajaza chupa za maji kwenye begi mpaka zinafika kilo kumi na tano, anabeba, anatembea hadi Kinyerezi na kurudi, akivitafuta vilima makusudi. Vijana wa kijiweni walishamzoea.

"Sista, kodi imekushinda? Mbona unahama na nyumba nzima?"

"Nawahama nyie," hujibu bila kupunguza mwendo.

Gibson, kiongozi wa safari, alikuwa amesema uzito ukae nyongani, usikae mabegani. Basi Sadallah alitafuta mkanda wa kiti cha gari bovu, akaukata, akaushonea begi upite kiunoni. Maungio yote aliyapitisha sindano mara tatu.

"Shikamoo, baba." Yumna alikuwa ametoka kazini.

"Marahaba. Hebu vaa tuone."

Akavaa, akaruka ruka. Begi halikucheza.

"Hema lenu wasichana je?"

"Letu peke yetu. Mie, Thuraya na Bupe. Ulishaniuliza juzi, baba."

"Nakuuliza tena. Mvua?"

"Makoti tunayo. Ikizidi tunashukia njia ya katikati, Gibson kaichora."

"Maji?"

"Siku ya kwanza kuna chemchemi. Siku ya pili hakuna, tunabeba ya kutosha."

"Na simu?"

"Huko juu mtandao unakuja na kukata. Sehemu nyingine mpaka ushuke masaa matatu mazima ndo uupate." Akatoa karatasi kwenye mkoba. "Imebaki ruhusa yako tu, na hapa uweke sahihi. Gibson anaitaka leo kabla ya magharibi. Ukikataa, baba, siendi. Nimeshawaambia."

Sadallah aliipokea karatasi, akaisoma kwa kidole, neno moja moja kama alivyozoea. Kulikuwa na mahali pameandikwa: mshiriki akiumia au kuugua. Chini yake visanduku viwili vya kutia alama. Cha kwanza, kiongozi aamue hapo hapo. Cha pili, familia iulizwe kwanza. Yumna alikuwa ametia alama kwenye cha pili. Na mtu wa kupigiwa alikuwa yeye, Sadallah, baba mzazi, pamoja na namba yake.

Kidole kilikwama pale.

"Badilisha hii."

"Ipi?"

"Hii. Weka alama hapo juu. Huyo Gibson aamue."

Yumna alicheka. "Baba, leo umekuwaje? Si wewe uliyenifundisha kuwa mwenye cheo hachelewi kukuamulia kama mzigo? Mama aliamuliwa na watu wasiomjua hata jina. Mie nikianguka, wakuulize wewe kwanza kabla hawajanigusa."

"Na wasiponipata?"

"Watasubiri."

Alilisema kwa utulivu, akipanga kamba za begi. Marehemu Najat, mama yake, naye alikuwa hivyo, akishapanga jambo moyoni husemi naye tena.

Sadallah alizima mashine. Kulikuwa na njia rahisi. Angesema "huendi," Yumna angelia kidogo, angelirudisha koti la kuazima, mambo yangekwisha na hakuna ambaye angejua lolote. Aliipenda njia hiyo kwa dakika nzima. Kisha akakumbuka kwamba alishawahi kumwambia mwanamke asitoke.

"Kaa," akasema.

"Nimekaa."

"Siku ile tumbo lilimwanza mama yako saa tatu asubuhi."

"Saa tisa. Siku zote unasemaga saa tisa."

"Saa tisa ndo nilirudi mie."

Yumna aliziacha zile kamba.

"Usiku wake tuligombana. Alitaka kwenda Tegeta kwa dada yake, mie sikutaka. Nikamwambia asivuke kizingiti cha nyumba hii bila ruhusa yangu. Hivyo hivyo. Asubuhi niko Kariakoo natafuta zipu, simu ikaita. Nikaona jina lake. Nikajua ananiomba ya Tegeta, nikairudisha mfukoni. Nikasema moyoni, acha ajifunze."

"Endelea."

"Mama Zubeda wa jirani alileta bajaji mpaka mlangoni. Mama yako akamwambia, ngoja baba Yumna apokee. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye kochi, keshavaa baibui, kadi ya hospitali iko mkononi. Hajavuka kizingiti." Sadallah alijifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha begi. "Barabara ilikuwa mbovu kweli. Gari la wagonjwa halikuja kweli. Lakini daktari alisema kidole tumbo kilishapasuka tangu mchana. Akaniuliza tulikuwa wapi. Nikaanza kumgombeza habari za mtendaji."

Upande wa pili wa barabara mtu alikuwa akipigapiga bati. Yumna aliivuta ile karatasi kwake.

"Simu iliita mara ngapi?"

"Mara nne."

"Na Mama Zubeda anajua."

"Anajua. Kanistiri miaka yote hii."

"Hajakustiri wewe," Yumna alisema. "Kamstiri mama, watu wasijue aliolewa na nani."

Sadallah alikikunja kile kitambaa.

Msichana alichukua kalamu. Alikata alama ya kisanduku cha pili, akatia kwenye cha kwanza. Kisha akashuka chini, akalikata jina la baba yake kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika Zubeda, jirani, na namba aliyoijua kwa kichwa.

"Yeye anapokea," akasema. "Weka sahihi. Wanataka ya mzazi."

Aliiweka. Herufi zake zilikuwa kubwa na zimelala, kama za mtoto. Yumna aliikunja karatasi, akaitia mkobani, akasimama na begi mgongoni. Hakuondoka.

"Ruhusa bado hujanipa."

Hakutegemea kuulizwa tena. Baada ya yote yale, msichana bado alikuwa amesimama mbele yake anangoja.

"Nenda," akasema. "Na kuanzia leo usinisubiri mie kwa jambo lolote. La huko mlimani wala la hapa."

"Kumbe ni neno fupi hivi," Yumna alisema.

Alifunga mkanda kiunoni, akashika njia kuelekea barabarani, begi limetulia mgongoni kama lilivyoshonwa. Sadallah alinyanyuka kwenye kiti. Kulikuwa na mengine ya kumwambia, mengi, na jina la binti lilishafika kinywani. Akalimeza, kwa sababu alijua akimwita atasimama.