Karatasi ya Nne Haikuota

Saa tatu asubuhi, Jumanne moja ya katikati ya Julai 1998, Rubab aliingia katika ukumbi uliokodiwa na kamati ya nidhamu ya wasanifu, karibu na stesheni ya Shinyanga, akaketi kwenye kiti cha mshitakiwa bila kungoja kuonyeshwa. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Baba yake aliuza pamba, mume wake Zakir aliuza vitambaa, na yeye peke yake katika ukoo huo alikuwa msanifu wa mandhari mwenye leseni: mtu anayechora mti upandwe wapi, maji yapite wapi, na ardhi iliyochimbuliwa irudishiwe vipi heshima yake. Leseni hiyo ndiyo iliyokuwa mezani siku ile.

Katibu, Bi Paskalia, alisoma mashitaka kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Kampuni moja ya dhahabu ilimwagiza Rubab achore namna ya kufufua kilima ilichokwisha kukimaliza nje ya Segese. Michoro ikaletwa minne. Katika ule wa nne palionekana bwawa la maji ya kuoshea mawe ya dhahabu, yenye sumu, bila uzio, kando ya njia ya mifugo. Bwawa likachimbwa. Ng'ombe kumi na wanane wa Mzee Mageni wakanywa humo, wakafa. Pembeni mwa mchoro palikuwa na muhuri wa Rubab.

Rubab alijibu akiwa amesimama. Mahali pa bwawa yeye alichora ngitili, kama Wasukuma wanavyofanya tangu zamani: eneo linalofungwa ng'ombe wasiingie mpaka nyasi zirudi. Mpaka wake aliutembea kwa miguu pamoja na Mzee Mageni mwenyewe. Muhuri, alikiri, aliuacha katika ofisi ya kampuni siku nane, mvua ilipokata barabara ya Bugarama, kwa sababu huku mtu humwachia mwenyeji wake hata funguo za nyumba.

"Hilo ni kosa langu," alisema. "Liandikeni kama lilivyo."

Mwenyekiti akaamuru michoro iletwe. Karani, Selestine, aliileta kwa toroli, kwa kuwa karatasi tatu za kwanza zilikuwa zimeota nyasi hadi usawa wa goti. Ndivyo ilivyokuwa michoro ya Rubab tangu alipoanza kazi. Akichora eneo kwa mkono wake, siku ya tatu karatasi huota nyasi zilezile zilizowahi kumea mahali pale. Nyumbani Zakir huzipunguza kwa mkasi wa kukatia vitambaa, na lalamiko lake ni moja tu, kwamba mkasi unakuwa butu.

Selestine alizikata ili mistari isomeke. Kamati ilisubiri. Mjumbe mmoja alipiga chafya, akaomba radhi. Karatasi ya nne ilikuwa nyeupe na kavu kama siku ilipopokelewa. Bi Paskalia akaandika kwenye kumbukumbu: karatasi ya kwanza hadi ya tatu, nyasi, sentimita arobaini, karatasi ya nne, hakuna.

Ndipo akaitwa mlalamikaji, Mzee Mageni.

"Shikamoo, mzee," Rubab alisema.

"Marahaba, mayu, mama yangu." Mzee Mageni akaokota unyasi sakafuni, akautafuna taratibu. "Hizi ni za kwetu, za kabla ya mgodi. Hiyo nyeupe si mkono wako. Mimi nilishitaki jina, kwa kuwa jina ndilo nililosomewa."

"Ulifanya sawa, mzee. Jina ni langu."

Wakili wa kampuni, Bwana Abdulwahab, alisema kwamba hazipingi nyasi. Ameziona, na ni nzuri. Ila kanuni zinatambua muhuri na saini, na nyasi hazikutajwa. Mwenyekiti alizipekua kanuni kuanzia jalada hadi jalada, akakubali kwamba hazikutajwa.

Wakati wa chai mwenyekiti alimwita Rubab kando. Alimweleza kwa upole kwamba akijaza fomu na kukiri kuwa alichora bwawa kwa kupitiwa, atapewa onyo, leseni itabaki mkononi mwake, na shauri litafungwa bila kampuni kuguswa. Asipokiri, atafungiwa miaka mitano.

"Mama Sameer," akamwita kwa jina la mwanawe, "ni mstari mmoja tu."

"Kwa muhuri nipeni adhabu yoyote, nitaipokea. Bwawa sikulichora. Mkono huu haujapata kuchora mahali pa kuulia ng'ombe wa mtu, na hautaanzia kwenye fomu yako."

"Utakaa miaka mitano bila kazi."

"Nitakaa nikiwa nimenyooka."

Wakamfungia miaka mitano. Aliukabidhi muhuri kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka. Mzee Mageni akamsindikiza hadi dukani kwa Zakir, akitembea kulia kwake kama walivyotembea siku ile ya kupima mpaka. Na wenye maduka waliokuwa wameketi barazani wakasimama mmoja baada ya mwingine, mpaka walipopita.

Bwawa halikufukiwa. Kampuni ilisimamisha kando yake kibao chenye jina la msanifu, herufi kubwa, na Mzee Mageni akaanza kuwapitisha ng'ombe wake waliosalia njia ya mbali.

Michoro ilifungiwa katika kabati la kamati, kama kanuni zinavyotaka. Kufikia Septemba nyasi zilikuwa zimeng'oa milango ya kabati. Bi Paskalia alimwandikia Rubab, kwa niaba ya kamati, kuuliza nyasi hizo zizuiwe vipi. Jibu lilikuja kwa posta, limeandikwa kwa mwandiko mzuri: ushauri wa namna hiyo ni kazi ya msanifu wa mandhari, na mtu asiye na leseni haruhusiwi kuutoa.

Kamati ikaona kwamba yuko sahihi. Ikaajiri mkata nyasi, afike kila Ijumaa.