Pazia la Chumba cha Nyuma

Nilikwenda kutazama misikiti nikiwa sina haja na misikiti. Haja yangu ilikuwa kwa mdogo wangu, aniambie neno moja tu: usiende. Angelitamka, ningempigia kijana wangu simu nimwambie mama yako amebadili mawazo, na maisha yangu yaliyobaki ningeyamalizia katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mdogo wangu, kile chenye dirisha linalotazama kamba za kuanikia nguo.

Utauliza, kwa nini nisimwombe mwenyewe? Basi hukumjua mama yetu. Mama alitulea kwa sheria moja: katika nyumba ya mtu huombi kitu, hata maji ya kunywa. Unakaa, unangoja, na mwenye nyumba akiwa na macho ataona. Tukiwa wadogo tulirudi kutoka kwa watu koo zimetukauka, huku nyuma tukisifiwa adabu. Tumezeeka na adabu hiyo hiyo. Mimi nikitaka kitu hukizungukia kwa mbali, na mdogo wangu naye ni vivyo hivyo. Marehemu mume wangu alikuwa akinicheka. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema, "lakini wewe unataka kitanda ndicho kiinuke." Nilimjibu kwamba kitanda chenye heshima zake kitainuka.

Miaka yangu yote nimeshona sare za shule. Mume alipofariki na macho yakaanza kunisumbua, kijana wangu, ambaye anaishi nchi ya mbali, alinipigia simu. Mkewe alikuwa amejifungua na anakaribia kurudi kazini. "Mama, njoo tu, chumba kipo." Nikakubali palepale, bila hata kufikiri, kwa kuwa nilijua mdogo wangu hatakubali niende. Yeye naye ni mjane, watoto wake wametawanyika, anaishi peke yake. Nilimpelekea habari nikakaa mkao wa kungoja. Akanitazama, akasema, "Ni vizuri, Dada. Utamlea mjukuu wako."

Sikukata tamaa. Nilipoirudisha nyumba niliyopanga kwa mwenyewe, cherehani yangu nilimpelekea yeye, nikaiweka mwenyewe chini ya lile dirisha la chumba cha nyuma. Fundi haachi cherehani yake mahali asipokusudia kurudi, hata mtoto anajua. Mdogo wangu aliifunika shuka, akafuta machozi, akanishukuru. Nikasema moyoni, sasa ameelewa. Siku chache baadaye akaja na wazo la matembezi. Basi langu la kwenda huko lingepitia ule mji wa kale wenye misikiti. Twende wote, tukae siku tatu tutazametazame, kisha mimi niendelee na safari na yeye arudi nyumbani. Nikajua ndiyo hiyo, anatafuta mahali pazuri pa kuniambia.

Siku ya kwanza tulimpata mwongozaji, mwanamume mwembamba mwenye mwavuli ambao hakuufungua hata jua lilipotuwakia utosini. Kila msikiti aliotufikisha aliutambulisha kuwa ndio mkubwa kuliko yote. Wa kwanza ulikuwa mkubwa kuliko yote kwa kuba, wa pili kwa ua, wa tatu, ambao kwa kweli ulikuwa mdogo kama duka, alisema ni mkubwa kwa baraka. Mdogo wangu alijifunika mdomo kwa mtandio asicheke. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana hadi alipostaafu, na kila tulipotoka msikitini alinigeukia kunitazama, kama ananihesabu. Mimi niliangalia mazulia. Zulia la ule wa pili lilikuwa limeungwa vibaya mbele ya mihrabu, mshono umepinda, na kila nikikumbuka msikiti ule ninaukumbuka mshono.

Lakini ule mdogo, wa baraka, ulinishika. Kuta zake zilikuwa za vigae vya buluu, si ile buluu ya sare inayopauka ukiifua mara mbili, bali buluu iliyotulia, na jua la dirishani lilipoigusa ilipoa badala ya kuwaka. Nikasimama. Nikaona hapa ndipo pa kutupa ndoano.

"Mimi ningekuwa na dirisha," nikasema, "ningelivalisha rangi hii."

Mdogo wangu aliitazama buluu, akanitazama mimi. "Lile dirisha la chumba cha nyuma bado liko uchi," akasema.

"Nililiona."

"Ungekuwa wewe ungelivalisha pazia refu au fupi?"

Sasa hapo, mtu mwenye akili zake angejibu. Mimi nilichosikia ni mteja. Maisha yangu yote watu wamenisimamisha njiani, sokoni, hata matangani, wakiniuliza bibi fundi, hii inatosha au niongeze. Nikaona mdogo wangu anaaga kwa kuokota ushauri kwangu. Roho ikanichoma, nikamjibu, "Muulize atakayelala humo." Nilisema hivyo kwa hasira, lakini ndani ya hasira nilikuwa nangoja aseme, si ndiye wewe.

"Haya, Dada," akasema, na tukaenda kuvaa viatu.

Asubuhi ya siku ya pili niliamka nikamkuta hayupo chumbani. Alirudi na mkoba umevimba, nikamuuliza ametoka wapi, akasema alikwenda kunyoosha miguu. Sikumchunguza. Nilikuwa nimekasirika bado, na kukasirika ni kazi, haimpi mtu nafasi ya kuchunguza.

Mwongozaji wetu alitupeleka msikiti mkuu, aliouita mkubwa kuliko yote, na safari hii hakuongopa. Ukiingia unajisikia umepungua kimo. Akatueleza siri yake: kuba lile lilijengwa kwa namna ambayo mtu akisimama kwenye kona moja akanong'ona na ukuta, sauti hupanda, huzunguka juu na kushuka kwenye kona ya pili, kwa mwenzake, na aliye katikati hasikii kitu. "Hakuna simu kubwa kuliko hii," akasema. Tuliyatarajia hayo maneno, tukacheka wote wawili, mara ya kwanza tangu jana yake.

Mdogo wangu akaenda kona ile, anavuta goti lake bovu. Mimi nikaelekea hii. Nikaupa uso ukuta. Ulikuwa wa baridi na ulinukia chokaa.

"Dada."

Nilishtuka. Sauti ilikuwa ndani ya mtandio wangu.

"Naam."

"Unanisikia?"

"Nakusikia hata unavyohema."

Na kweli nikasikia anavyohema, na anavyomeza mate. Nikajua hana la kutazama ila ukuta, kama mimi. Hakuna jicho kwa jicho. Nikafikiri pia, nakumbuka vizuri nilivyofikiri, kwamba sheria ya mama ilikuwa ya nyumba za watu. Hii ni nyumba ya Mungu, na humu watu wote huingia kuomba, maskini na tajiri, wala hakuna anayesema hawana adabu. Nikapiga moyo konde. Nikafungua mdomo.

"Goti haliumi?" nikasema.

"Kidogo. Na wewe miguu?"

"Kidogo."

Tukahema tena.

"Dada."

"Naam."

"Mke wa mwanao... mkwe wako, ni mtu mzuri? Mnapatana?"

Huyu alikuwa ananiuliza kama nataka kwenda. Leo nasikia wazi kama kengele. Lakini siku ile nilisikia mtu anayehakikisha mzigo umepata mpokeaji, aondoke na dhamiri safi. Kiburi kikanipanda hadi kooni. "Mzuri mno," nikauambia ukuta. "Wananingoja kwa hamu, hawalali."

Ukuta ukaniletea neno lake. "Haya."

Nyuma yangu walikuwa wamekwisha panga foleni wageni wengine, baba mmoja na binti zake, wakitaka kujaribu. Nikawaachia kona.

Mdogo wangu nilimkuta uani, karibu na mabomba ya kutawadhia, anaongea na simu amenipa mgongo. Hakuongea sana. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi la njiwa. Nikadhani ameongea na fundi bomba, maana tenki lake la maji lilikuwa linavuja. Tukanunua machungwa, tukayala kwenye ngazi, tukasifu kuba. Mchana kutwa tulisifu kuba.

Siku ya tatu asubuhi alinisindikiza stendi. Basi langu lilikuwa la kwanza kutoka, lake la adhuhuri. Tulikaa kwenye benchi tukiwa na mizigo miguuni, na nilikuwa bado nangoja, nakwambia. Hadi kondakta anapakia begi langu chini ya basi, nilikuwa nasema moyoni, sasa hivi atanishika mkono. Kweli akanishika mkono. Akaniwekea kifurushi.

"Nini hiki?"

"Kitambaa. Si ulisema ungekuwa na dirisha."

Nikafungua pembe ya karatasi. Ilikuwa ile buluu. Sijui aliipata duka gani, lakini ilikuwa ile ile.

"Kule kwa kijana madirisha hayavai pazia," nikasema. "Kuna vile vipande vya plastiki vya kuvuta kwa kamba."

"Najua. Sikukinunua kwa ajili ya kule." Akatazama viatu vyake. "Nilikinunua jana asubuhi kwa ajili ya chumba cha nyuma. Nilitaka nikupe ukisema unabaki."

"Nani alisema nabaki?"

"Hakuna aliyesema. Ndiyo maana nakupa uende nacho."

Nikamuuliza polepole, maana sauti yangu sikuiamini, kwa nini hakuniambia.

"Nikwambie nini, Dada? Nikuombe umwache mjukuu uje kukaa na mimi, kisa naogopa kula peke yangu? Mama angefufuka anichape." Akacheka kidogo, kicheko kisichofika mbali. "Tena cherehani ulishanipa. Nilipokuona unaiweka pale nilijua umemaliza. Mtu akianza kugawa vyake, haombwi kubaki."

"Na chumba?"

"Kuna mwalimu mgeni alikuwa ananisumbua tangu mwezi uliopita, anataka kupanga. Nilikuwa namwambia subiri, kuna mtu wangu. Jana pale uani nilimpigia, nikamwambia huyo mtu wangu hana mpango nacho. Leo anahamia. Amebeba godoro lake tangu alfajiri, maskini, anangoja jirani amfungulie."

Neno lilinifika ncha ya ulimi: sikukupa, niliiweka nije niifuate. Lakini nikamwona yule mwalimu nisiyemjua, amesimama mlangoni na godoro. Nikamwona na mkwe wangu, ambaye ni kweli ni mtu mzuri, amekwisha tandika kitanda. Na nyuma ya wote nikamwona mama. Nikasema, "Umefanya vizuri. Nyumba haifai kukaa tupu."

"Mama, panda," kondakta akaniambia. "Tunaondoka."

Nilipewa kiti cha dirishani. Kioo kilikuwa cha aina isiyofunguka, kwa ajili ya baridi ya mashine. Mdogo wangu akaja akasimama chini yake, amejishika kiunoni kama anasimamia wasichana wake wakipanda gari la likizo. Basi likanguruma. Ndipo ujasiri uliponijia, wakati haumfai tena mtu. Nikasogeza uso hadi kioo kikapata ukungu, nikasema, si kwa kunong'ona, nikasema hadi jirani yangu akageuka: "Nataka kubaki. Nataka kubaki na wewe."

Mdogo wangu akaweka mkono nyuma ya sikio. Akatikisa kichwa, akatabasamu, akanipungia. Basi likapinda kona.

Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi nilikuwa nakwenda kwa mjukuu kweli, nimeyapakata majuto yakiwa yamefungwa kwenye karatasi. Nikakikunjua kile kitambaa. Mikono ikaanza kazi bila kutumwa: nikakipima kwa shibiri, ukingo hadi ukingo. Lile dirisha ninalijua, nimelipima kwa macho mara nyingi nikiwa nasingizia kutazama nguo kambani. Alikuwa amekata upana wake sawasawa, na amenibakizia nafasi ya pindo juu na chini, kama ninavyopenda, pana kidogo kuliko mafundi wengine wanavyofanya. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amenitazama tu, miaka yote hiyo, nikishona.

Simu ikaita tukiwa tumeanza kuiacha minara ya mji nyuma.

"Dada," akasema. "Ulikuwa unasema nini pale dirishani? Nilikuona mdomo tu."

Alikuwa karibu sikioni, kama ukutani. Nikasikia anavyohema.

"Nilisema ufike salama," nikamwambia.

"Na wewe, Dada," akasema, na kwa muda mrefu hakuna kati yetu aliyekata simu.