Bi Mwisho Leo

Masika ya mwaka 2003 yaliwafukuza wageni wote Kendwa, na Bwana Mazin, mwenye hoteli, akadhani ameipata dawa. Kila Jumatatu, kutoka ofisi yake ya Shangani, ilitoka barua pepe kwa watu mia tatu, wa hapa Unguja, wa Dar es Salaam na wa Maskati, na kichwa chake kikipiga kelele: HARAKA! LALA SIKU MBILI, LIPIA MOJA! MWISHO LEO! Leo hiyo ikifa Jumatatu, Jumanne imefufuka, na wiki ya pili bado ina afya tele.

Aibu haikuwa ya Mazin. Chini ya kila barua lilikaa jina la karani wake, Ruqaya Salem, kwa kuwa bwana huyo aliona jina la mwanamke linavuta. Kwao Kikwajuni walikwishampa lakabu. Akipita barazani anaulizwa, "Bi Mwisho Leo, leo inakwisha lini?" Mara ya kwanza alicheka nao. Mara ya kumi alijifungia chooni akalia kwa hasira. Marehemu babake alikuwa mtu ambaye akisema kesho ni kesho, na Ruqaya hakurithi kwake kitu ila jina.

Jumatatu ya nne akagoma.

"Bwana Mazin, watu hawazifungui hizi barua. Wanasoma kichwa, wanaujua uongo, wanafuta. Nipe siku moja ya kweli, na kichwa nkiandike mie."

"Na haraka iko wapi? Mtu bila ya kuharakishwa hanyanyuki."

"Haraka imo kwenye siku yenyewe. Lakini ikipita, iwe imepita."

"Ikipita imepita. Wallahi."

Ruqaya aliandika, akafuta, akaandika tena, mara saba. Mwisho kikabaki hiki: Kendwa, lala siku mbili, lipia moja, mpaka usiku wa Ijumaa. Mazin akakisoma, akatikisa kichwa kukubali, ingawa uso ulimkaa kama wa mtu aliyepewa chai bila ya sukari.

Barua zikafunguliwa. Mpaka Alhamisi magharibi, vyumba saba kati ya kumi vilikuwa na wenyewe. Bi Nadra, jirani yao wa zamani aliyehamia Maskati, alijibu: "Safari hii umesema neno, mwanangu. Tunakuja mie na dada yangu." Ijumaa asubuhi Ruqaya aliifunga orodha kwa furaha, kisha akafungua sanduku la barua.

Zilikuwamo barua kumi na moja mpya, zote za Dar es Salaam, zote zinataka chumba. Akawajibu kwa adabu kwamba muda umepita. Haikutimia nusu saa, bwana mmoja wa Ilala akamrudishia moto: "Umepita vipi? Ijumaa ndiyo leo, na usiku haujaingia! Mnatufanya watoto?"

Ruqaya alitaka kukipiga ngumi kile kioo cha kompyuta. Mjini Unguja jua la Alhamisi likizama, usiku wa Ijumaa umeshaingia, ndio usiku wa kusoma Yasini. Kila mtoto anajua. Bara, usiku wa Ijumaa huja baada ya mchana wake. Mara saba alifuta na kuandika, na hakuiona tofauti hiyo, kwa sababu ndivyo walivyosema mamake na bibi yake.

Watu wa Dar es Salaam nao walikuwa na haki yao. Akawaandikia wale kumi na moja peke yao: Usiku wenu wa Ijumaa ni leo, samahani. Watatu wa mwanzo kujibu wakavichukua vyumba vilivyobaki, na hata bwana wa Ilala akacheka. Ruqaya akampa Mazin habari, kisha akaenda chumba cha nyuma kusali adhuhuri.

Aliporudi alimkuta Mazin kwenye mashine yake, anabonyeza kwa vidole viwili. Barua imeshakwenda kwa watu mia tatu: HARAKA! TUMEONGEZA! MWISHO LEO! Chini yake, Ruqaya Salem.

"Vyumba vimejaa, Bwana Mazin! Unauza nini?"

"Atakayejitoa, yuko wa kuziba pahala pake."

"Uliapa!"

"Nliapa usiku wa Ijumaa ukipita umepita. Si umeniambia mwenyewe kumbe iko miwili?"

Ruqaya akageukia sanduku la barua. Jibu la kwanza kuingia lilikuwa la Bi Nadra. "Mwanangu, nlikimbizana na Alhamisi yako, nkakuamini. Kumbe leo yenu ni ile ile. Tufute mie na dada yangu."

Alilisoma mara mbili, na masikio yakamwaka moto. Mazin alipotoka kwenda kula, Ruqaya akaketi kumwandikia barua pepe. Ndani aliweka maneno machache: naacha kazi, ufunguo uko juu ya meza, jina langu usilitumie tena. Kichwa safari hii hakikumsumbua. Aliandika mara moja tu: Mwisho leo.

Jumamosi saa tatu asubuhi simu ikalia Kikwajuni.

"Mbona hujafika?" Mazin akauliza.

"Nshakwandikia, Bwana Mazin. Jana."

Akamsikia anabonyeza, anaguna, anabonyeza tena.

"Hamna barua yako hapa. Ilikuwepo moja tu ya mwisho leo, nkajua ile yangu imenirudia. Nimeifuta."